Pambo la mtoto likae ukutani, kitandani kikae chandarua

SEHEMU YA 1: Jibu langu ni hapana

 

Kuna swali linanijia sana, tena kwa maneno yanayofanana. "Nesi, nimeona mtandaoni seti ya kitanda cha mtoto. Ina vimto laini vya kuzungushia pembeni, ina mto wa kichwa, ina blanketi zito na midoli ya kuning'iniza juu. Wanauza 80,000. Ninunue?"

Jibu langu ni hapana, usinunue.

Najua hapana tupu haimsaidii mtu. Mama anayeuliza swali hilo hajakosea kutaka kitu kizuri kwa mwanae. Amebeba mimba miezi tisa, amepitia uchungu, anataka mtoto akifungua macho aone kwamba alisubiriwa. Hilo siwezi kulipinga hata kidogo. Ninachopinga ni mahali tunapoliweka pambo, na watu wanaotuuzia hatari iliyofungwa kwa utepe wa pinki.

Kwa hiyo nimeamua kuandika mfululizo. Nitasema kwa nini vitu laini havifai kitandani kwa mtoto mchanga. Nitasema kuhusu chandarua, maana huku bonde la Ziwa Rukwa huwezi kuongelea kitanda cha mtoto ukaacha mbu. Halafu nitawaonyesha hatua kwa hatua namna ya kushona pambo la ukutani kwa mabaki ya vitenge, kwa hela ndogo, zuri kuliko hilo la 80,000.

Kabla sijaenda mbali, kuna watakaosema: "Nesi yuko Kamsamba anaongelea chumba cha mtoto! Nani ana chumba cha mtoto huku?" Ni kweli. Nyumba nyingi zetu mtoto analala chumba kimoja na mama yake, na ndivyo inavyotakiwa kwa mtoto mchanga, asitengwe chumba cha peke yake. Nikisema chumba cha mtoto nina maana ile kona anayolala. Kona hiyo kila mtoto anayo, hata wa nyumba ya tope.

SEHEMU YA 2: Vimto vya pembeni vinafanya kazi gani?

Ukimuuliza muuzaji atakwambia: "Vinamzuia mtoto asigonge kichwa kwenye mbao." Inasikika vizuri. Sasa tuichambue.

Mtoto wa miezi miwili akigusa ubao atalia, utaamka, utamgeuza. Yameisha. Lakini mtoto huyohuyo pua yake ikizama kwenye kimto laini, hali ni nyingine kabisa. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, shingo yake bado haina nguvu, hawezi kujinyanyua wala kujigeuza anavyotaka. Anabaki kuvuta hewa ileile aliyoitoa. Na mama zangu, niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui: mtoto anayekosa hewa halii. Hapigi kelele ya kukuamsha. Ndiyo maana hatuwezi kusema "nitakuwa macho nitamsikia".

Hivi vimto havikuanza kama urembo. Zamani kule Marekani vitanda vya watoto vilikuwa na mbao zilizoachana sana, mtoto anaweza kupenyeza mwili akanaswa kichwa. Watu wakaweka vimto kuziba mapengo. Kisha serikali yao ikatunga kanuni iliyoanza kutumika 1974: nafasi kati ya mbao na mbao isizidi takribani sentimita 6. Tatizo likatatuliwa kwenye kitanda chenyewe. Vimto vikakosa kazi, lakini biashara haikukubali kufa. Vikageuzwa urembo, vikatiwa maua na dubu, vikaendelea kuuzwa.

Watoto wakaendelea kukosa hewa. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikasema wazi visitumike. Mwaka huohuo mji wa Chicago ukapiga marufuku kuviuza, jimbo la Maryland likafuata 2013, na mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya kuvipiga marufuku Marekani nzima.

Yaani kitu ambacho huko kilikopata umaarufu sasa ni kosa kukiuza, huku kwetu kinatangazwa kwenye simu kama alama ya mama anayejiweza. Kwenye marobota ya mitumba pia vinakuja, vimeoshwa vinanukia, mama anaokota kwa furaha, anaona amepata cha Ulaya. Jamani. Kuna vitu wenzetu wameviacha kwa sababu, si kwa sababu wamevichoka.

Kama una uwezo wa kutengenezesha kitanda, hela yako mpelekee fundi seremala. Mwambie mambo mawili tu. Kwanza, nafasi ya mbao na mbao isizidi sentimita 6. Mpe na rula kabisa. Pili, godoro lienee, usibaki mwanya pembeni ambao mtoto anaweza kutumbukiza uso. Godoro liwe gumu kiasi, shuka livutwe likaze. Basi. Kitanda cha mtoto mchanga kikionekana kitupu, ujue kimetandikwa sawasawa.

SEHEMU YA 3: "Mbona sisi tulilala hivyo na tumekua?"

Nilijua hii itakuja. Imekuja mara nyingi kwenye komenti za jana.

Mama yangu, sisi tuliokua ndio tuliopo hapa kuandika komenti. Wale ambao hawakuamka hawana simu. Wangapi kati yetu tuna bibi aliyekuwa akisema "yule wa pili alilala mzima, asubuhi tukamkuta amekufa"? Wengine wakasema mchawi, wengine wakamlaumu mama, eti alimlalia. Ndoa zikavunjika. Inawezekana vifo vingine vilikuwa na sababu ambayo hakuna mtu angeweza kuizuia. Lakini kuna hatari tunazojua jinsi ya kuzipunguza, na hizo tukizipuuza tukiwa tunajua, hapo siwezi kunyamaza.

Kubwa kuliko zote: mtoto alale chali. Usiku na mchana. Asilale kifudifudi, wala ubavu ambao anaweza kubirukia tumbo. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Sindano haikuhusika hapo, wala dawa. Walibadilisha mlalo tu.

Najua mnachoogopa: "Akicheua akiwa chali si atapaliwa?" Sikilizeni. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula inakuwa chini. Maziwa yakirudi, yanapanda kwa bomba la chini, si rahisi yaangukie njia ya hewa. Akilala kifudifudi ndipo njia ya hewa inakuwa chini, maziwa yanateremkia huko. Kwa hiyo hofu ni ya kweli lakini tumeigeuza kichwa chini miguu juu.

Na wale mnaolala naye kitanda kimoja, wengi sana huku, siwafukuzi. Naelewa nyumba zetu, naelewa na kunyonyesha usiku. Salama zaidi ni awe na sehemu yake karibu nawe. Kama haiwezekani, basi ondoa mito karibu naye, ondoa blanketi zito, asilale katikati ya watu wawili, asilale kati ya mama na ukuta penye mwanya, na yeyote aliyekunywa pombe asilale kitanda hicho. Shemeji akitoka kilabuni akalale mkekani, hata kama nyumba ni yake.

Blanketi zito lenyewe Kamsamba la nini? Sisi si Mbeya mjini wala Makete. Joto letu mnalijua. Mtoto amevikwa soksi, kofia, sweta na blanketi mwezi wa kumi, jasho linamtoka, halafu mnaniambia ana homa. Mpapase kifuani au shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo.

SEHEMU YA 4: Chandarua si pazia, wala si ukuta wa kubandikia maua

Leo nakuja na ukali, mnisamehe.

Kuna mtindo unaenea. Mama anachukua chandarua cha mtoto, anakishonea riboni, anabandika maua ya kitambaa kwa pini, anafunga na vidoli viwili juu. Anapiga picha. Picha inapendeza, watu wanaandika "wow mama kijacho".

Mimi kwenye picha hiyo naona matundu. Kila pini imetoboa. Kila riboni iliyoshonwa kwa nguvu imevuta nyuzi. Halafu uzito wa vidoli unavuta chandarua kinashuka, kinamgusa mtoto mkono na paji la uso. Mbu hana haja ya kuingia ndani kama ngozi imeegemea chandarua. Anauma kutokea nje.

Mbu anayeeneza malaria anauma usiku, saa zile tumelala. Na anayeumizwa zaidi na malaria ni mtoto chini ya miaka mitano na mama mjamzito. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipopima watoto wa miezi 6 hadi 59 Tanzania nzima, takribani 8 kati ya kila 100 walikutwa na malaria. Hiyo ni wastani wa nchi, imechanganya na mikoa ya baridi na miji ambako malaria ni adimu. Sisi tuko bondeni, tuna mto Momba, tuna majaruba ya mpunga. Jipimieni wenyewe.

Chandarua chenye dawa mnapewa bure. Mjamzito anapewa anapoanza kliniki, na mtoto anapewa anapokuja chanjo ya surua na rubela ya miezi 9. Bure, bila kutoa hata mia. Halafu nakikuta kimezungushiwa vifaranga, kingine kimefunika mbegu za nyanya, kingine kimeenda kuvua dagaa. Na kilichobaki kitandani kimetobolewa kwa maua!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mada yangu ya kushona inapoanzia. Mshono wa kwanza wa pambo lako uende kwenye chandarua. Kabla hujakata kitenge hata kipande kimoja, shika chandarua cha mtoto, kinyanyue kwenye mwanga, tafuta matundu. Tundu dogo livute kwa uzi, funga. Tundu kubwa liwekee kiraka kutoka chandarua chakavu, shona kuzunguka kwa mishono midogo. Ni kazi ya nusu saa. Chandarua kimetengenezwa kivumilie kufuliwa mara 20 na kutumika takribani miaka 3, hakikutengenezwa kivumilie pini. Kifue kwa sabuni ya kawaida, bila kusugua, bila jiki, kianike kivulini. Kitandani chomeka pindo lake chini ya godoro pande zote, kikae mbali na mwili wa mtoto.

Mama aliyeziba matundu ya chandarua ameshapamba kitanda cha mwanae. Hata asiposhona kingine, kwangu huyo amefaulu.

SEHEMU YA 5: "Hayo mapambo ni uzungu"

Leo naongea na akina baba, na mama wakwe pia.

Kuna baba mmoja aliniambia bila kuficha: "Nesi, unawafundisha wake zetu kupoteza muda. Mtoto wa miezi mitatu anajua nini kuhusu maua ukutani? Huo ni uzungu."

Nikamwuliza kanga ni uzungu? Mama akijifungua, zawadi ya kwanza si doti ya kanga? Mtoto si anapokelewa kwa kanga, anabebwa kwa kanga, analazwa juu ya kanga? Vitambaa vya kudarizi kwenye makochi, si bibi zetu walikuwa wanashona kwa mkono, sindano na uzi wa rangi? Kupamba nyumba kwa kitambaa tumekukuta. Cha kigeni hapa ni kuamini kwamba pambo lazima litoke dukani.

Kuhusu mtoto kujua. Mtoto mchanga anaona vizuri kitu kilicho karibu, sentimita 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wako ukimnyonyesha. Rangi zilizokolea na zinazopishana sana, kama nyeusi kwenye nyeupe, anazinasa mapema. Miezi inavyosogea anaona mbali zaidi, anafuata kitu kwa macho, ananyoosha mkono. Kitenge chenye rangi kali ni somo zuri kuliko hivyo vitambaa vya pinki iliyopauka wanavyouza.

Lakini ukweli wenyewe ni kwamba ukuta haumfundishi mtoto. Anayemfundisha ni mtu. Serikali yetu mwezi wa kumi na mbili 2021 ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8. Mambo yaliyowekwa pale ni afya, lishe, usalama, malezi yenye mwitikio na kujifunza mapema. Malezi yenye mwitikio maana yake ukimwona mtoto anaangalia kitu, unamjibu. "Unaona kuku? Kuku mwekundu huyo. Kokoriko!" Mtoto anaguna, unamgunia. Hiyo ndiyo shule ya kwanza, na haina ada.

Pambo la ukutani kazi yake ni kukupa cha kuongea na mtoto. Ukilishona kwa picha za vitu anavyoviona, kuku, ng'ombe, samaki, mtumbwi, basi kila ukimbeba mnasimama hapo mnasalimiana nao. Na baba akirudi shambani afanye hivyohivyo. Dakika tano zinatosha. Baba anayesema mtoto hajui kitu, amjaribu wiki mbili, abebe, aongee naye mbele ya kile kitambaa. Atakuja mwenyewe kunisimulia.

Na hela? Mimi ndiye ninayewaambia msitoe 80,000. Anayepoteza hela hapo ni nani?

SEHEMU YA 6: Haya, tushone

Tunashona vibendera vya ukutani, 8, vilivyopangwa kwenye utepe mmoja. Hata asiye na cherehani ataweza kwa mkono.

Mabaki ya vitenge yako kwa fundi yeyote. Mafundi wetu vitambaa vingi vinatoka Tunduma, na vipande wanavitupa au wanawashia moto. Mwombe kwa heshima, wengi watakupa bure, na ukimpelekea soda atakuchagulia vizuri. Kanga iliyochakaa nayo inafaa. Unahitaji pia sindano, uzi mgumu, mkasi, rula na kipande cha boksi. Hela haitafika 3,000.

Kwanza, fua vitambaa vyote, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke safi. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua juu ya kitenge. Kikichukua rangi, kitenge hicho bado kinachuja, rudia kufua au kiache. Anika juani, piga pasi.

Pili, kata boksi umbo la pembetatu: upana wa juu sentimita 20, urefu sentimita 24. Hicho ndicho kipimo chako. Kiweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki au kipande cha sabuni, kata. Unahitaji pembetatu 16, maana kila kibendera kina mbele na nyuma.

Tatu, kama unataka picha, shona sasa kabla hujaunganisha. Kata umbo la kuku au samaki kwenye kitambaa cha rangi tofauti, kunja kingo ndani nusu sentimita, piga bandi, kisha lishone kuzunguka juu ya pembetatu ya mbele. Macho ya kuku yadarizi kwa uzi. USIWEKE kifungo, ushanga, kengele, sarafu wala vile vinavyong'aa vya nguo za harusi. Vikilegea vinaanguka, mtoto anavimeza. Kipimo changu cha nyumbani ni hiki: kitu chochote kinachopita ndani ya lile boksi la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto.

Nne, panga pembetatu mbili uso kwa uso, zile za rangi nzuri zikitazamana. Shona pande mbili ndefu, sentimita 1 kutoka ukingoni. Juu acha wazi. Anayeshona kwa mkono atumie mshono wa kurudi nyuma, mishono midogo, maana mshono wa kupitiliza unafumuka ukivutwa. Kata kidogo ncha ya chini, usiguse uzi. Geuza nje, sukuma ncha kwa kijiti, piga pasi. Kibendera kitakuwa na upana wa sentimita 18.

Tano, utepe. Kata ukanda wa kitambaa wenye upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 210. Kama hakifiki, unganisha vipande. Kunja kingo mbili zikutane katikati, kisha kunja tena mara mbili, piga pasi. Sasa una utepe wa sentimita 2 wenye mdomo upande mmoja. Acha sentimita 19 mwanzoni, chomeka mdomo wa kibendera cha kwanza ndani ya utepe, acha nafasi ya sentimita 4, chomeka cha pili, endelea hivyo. Vyote 8 vitaenea, na mwisho zitabaki sentimita 19 nyingine. Piga bandi yote kwanza uone kama vimelingana, ndipo ushone moja kwa moja, ukirudia mara mbili penye kila kibendera.

Sita, vuta. Shika kila kibendera, kivute kwa nguvu kama mtoto wa miaka miwili aliyenuna. Kikilegea, rudia kushona. Uzi unaoning'inia kata wote.

SEHEMU YA 7: Wapi pa kutundika, na neno la mwisho

Hapa nisomeni vizuri, kwa sababu pambo zuri likitundikwa vibaya linageuka kitanzi.

Usitundike juu ya kitanda. Hata kidogo. Wala kwenye mbao za kitanda, wala kwenye chandarua. Tundika ukuta wa mbali, juu ya kimo cha mtu mzima aliyesimama, mahali ambapo wewe mwenyewe ukilala kitandani na kunyoosha mkono hulifikii. Ncha zote mbili zifungwe zikaze, na katikati weka msumari wa tatu ili utepe usilegee ukatengeneza mzingo. Ukuta wa tope hauwezi msumari, pigilia vigingi vya mti virefu. Utepe uliobaki ncha zote usiachwe ukining'inia, ukunje, ushone.

Kamba na mtoto ni maadui. Hii inahusu pia kamba za pazia, waya wa chaja, na nyuzi tunazowavisha watoto shingoni. Mila ya mtu naiheshimu, lakini uzi shingoni mwa mtoto anayelala unaweza kunasa. Uvue akilala. Najua bibi atanuna. Mwelezeni taratibu, kwa heshima, bibi anampenda mjukuu kuliko uzi.

Kibatari, mshumaa na jiko la mkaa visikaribie kitambaa. Na jiko la mkaa lisilale chumbani kabisa, pawe na pambo pasiwe na pambo, moshi wake unaua hata usipouona.

Kila mwezi vishushe ufue. Vumbi letu la kiangazi mnalijua, kitambaa kinalishika, na kifua cha mtoto hakilihitaji. Wakati unafua, kagua mishono. Mtoto akianza kusimama na kupanda juu ya vitu, angalia tena: je, sasa analifikia? Kama analifikia, lishushe. Vitambaa hivyo vishone mpira wa matambara acheze. Ndani jaza vitambaa, usijaze mifuko ya nailoni.

Kwa mafundi cherehani wa Kamsamba, na kina dada mnaotafuta kazi ya mkono: shoneni hivi vibendera, viuzeni mnadani. Mkiweka jina la mtoto, mtauza zaidi. Kwa mnaouza seti mtandaoni: nauzieni shuka, nauzieni godoro gumu, tutanunua. Vimto vya pembeni na mito ya wachanga ondoeni. Msiniambie "mteja ndiye anayetaka". Mteja anataka mtoto wake alale vizuri, na nyinyi ndio mnaomwambia kwamba kulala vizuri ni kimto. Na wanaosimamia viwango vya bidhaa nchini, naomba hivi vitu mviangalie. Mama wa kijijini hawezi kujua sheria za Chicago.

Na kwetu wauguzi. Tukimwambia mama "ondoa hiyo" halafu tukageuka, atairudisha tukiondoka. Tumweleze sababu, na tumpe kitu cha kuweka mahali pake. Mama amejiandaa kupamba. Tusimwache na mikono mitupu na aibu.

Basi, kwa mpangilio, wa kunakili na kumtumia dada yako aliye Chitete, Tunduma au popote: mtoto alale chali. Godoro gumu, shuka lililokazwa, hakuna kingine kitandani. Chandarua kisicho na tundu, kimechomekwa pande zote. Pambo ukutani, mbali na mkono wake. Na mtu wa kumbeba, kumwonyesha kuku mwekundu na kumwambia "kokoriko".

Mwenye swali aulize hapo chini. Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, nikitoka nitajibu mmoja mmoja. Mwenye picha ya vibendera alivyoshona aweke, ila picha ya mtoto naomba msiweke usoni. Na kabla hamjaniuliza rangi gani inapendeza, nendeni mkanyanyue chandarua kwenye mwanga.

Nesi wenu, Kamsamba.